UZI: Chumvi ya mto Colorado inatoka wapi, na kwa nini sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuifahamu kabla ya kuchimba mifereji

#1 | Ng'wana Magu

Wakuu, habari za jioni.

Vikao vya wakulima huku kwetu Magu vinapogusa skimu ya mpunga au bustani za kumwagilia, swali la kwanza huwa maji yatatoka wapi. Jibu ni jepesi, ziwa hilo hapo linaonekana. Swali la pili, kwamba maji yakishapita shambani yataelekea wapi, sijalisikia likiulizwa. Uzi huu ni wa swali la pili. Nitapita njia ndefu kidogo, kupitia mto Colorado wa Marekani, kwa sababu kule swali hilo lilichelewa kuulizwa na gharama yake wanailipa mpaka leo.

Colorado unaanzia kwenye milima ya Rocky, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ukaelekea Ghuba ya California nchini Mexico, mwendo wa karibu kilomita 2,300. Bonde lake ni takriban kilomita za mraba 640,000 na linagusa majimbo saba ya Marekani kabla ya kuvuka mpaka. Maji yake mengi ni theluji inayoyeyuka milimani. Ukishuka chini mvua inakwisha kabisa. Pale Yuma, karibu na Mexico, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, wakati Mwanza tunapata karibu milimita 1,000. Sehemu kubwa ya safari yake mto huo unakatiza nchi kavu isiyouongezea maji ya maana, ila chumvi inauongezea kila hatua.

Juu kabisa maji yake yana miligramu 50 hivi za chumvi kwa lita. Ni matamu kuliko maji ya visima vingi tunavyochota sisi. Pale bwawa la Imperial, karibu na mwisho wa safari upande wa Marekani, kiwango ambacho majimbo yamekubaliana kisivukwe ni miligramu 879 kwa lita. Hiyo tofauti ndiyo ninayotaka tuifuatilie ilikotoka.

Na nikisema chumvi, msifikirie ile ya mezani tu. Kuna kalsiamu, sodiamu, magnesiamu, salfeti, kloridi na bikaboneti. Kila mto duniani unabeba mchanganyiko huo, hata Simiyu, hata Kagera. Kinachotofautiana ni kiasi.

Narudi na vyanzo vyenyewe.

#2 | Kirumba Juu

Tupo mkuu, shusha.

#3 | Ng'wana Magu

Tuanze na mwamba, kwa sababu huko ndiko kwenye mzizi wa jambo.

Zama za dinosaria palikuwa na bahari katikati ya Amerika Kaskazini, imelikata bara vipande viwili kutoka kaskazini hadi kusini. Ilikaa pale mamilioni ya miaka ikitandika matope chini yake. Ilipokauka, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, matope yale yaligandamana yakawa mwamba wa kijivu ambao wanajiolojia wanauita Mancos. Ni mwamba dhaifu, unamomonyoka kirahisi, na ndani yake mna jasi na chumvi za sodiamu zilizoachwa na bahari ile. Umetanda magharibi mwa jimbo la Colorado na mashariki mwa Utah. Juu yake mimea ni haba, na kipindi cha kiangazi unaona ukungu mweupe wa chumvi umetoka juu ya udongo. Mvua za ngurumo zikipiga hapo, chumvi hiyo inakokotwa mpaka kwenye vijito, na vijito vinaipeleka mtoni.

Hiyo ingetokea hata kama hakuna mtu anayeishi pale. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 walowezi walifika na kuanza kumwagilia mabonde yaleyale, juu ya mwamba uleule. Walichimba mifereji ya udongo mitupu. Sehemu ya maji ilipotea njiani kwa kupenya chini, sehemu nyingine ilipenya mashambani, yote ikashuka hadi kwenye Mancos, ikayeyusha chumvi iliyotulia humo tangu zama za bahari, kisha ikatafuta njia ya chini kwa chini kurudi mtoni. Eneo moja tu, Grand Valley pale Grand Junction, lilikadiriwa kupeleka mtoni zaidi ya tani nusu milioni za chumvi kwa mwaka kabla ya mifereji kuanza kukarabatiwa. Mkulima wa pale hakumwaga chumvi. Alimwaga maji matamu ya theluji, maji yakaenda kuifuata chumvi ilipo.

Naomba mlishike hilo kabla sijaendelea.

Kisha kuna chemchemi. Karibu na miji ya Glenwood Springs na Dotsero maji ya moto yanatoka ardhini yakiwa yamepita kwenye matabaka ya chumvi, na yanaingiza mtoni karibu tani 400,000 kwa mwaka. Chemchemi ya Blue Spring kwenye mto Little Colorado, karibu na Grand Canyon, inaongeza karibu nusu milioni nyingine. Maji yake yana rangi ya samawati nzuri sana kwa sababu ya chokaa, watu wanasafiri kwenda kuyatazama. Hizo ni za asili kabisa, zilikuwepo kabla ya bwawa lolote.

Bonde la Paradox nimelitunza, nitalieleza peke yake maana ni jambo la kushangaza.

#4 | Mama wa Mwaloni

Baba nakusoma vizuri. Mimi ni mzaliwa wa Kishapu, kazi yangu ni dagaa hapa Mwaloni. Kule kwetu visima vingi maji yake yana chumvi, chai ukipika hainyweki. Wazee walituambia ndivyo ardhi ilivyo. Sasa bahari hiyo unayosema ilifika mpaka Kishapu?

#5 | Ng'wana Magu

Shikamoo mama.

Hapana, bahari ile ni ya Amerika, kwetu haikufika. Chumvi ya visima vya Kishapu ina historia yake, na njia yake ni tofauti. Mawe yetu ya itale na mengine ya zamani yanaoza polepole na kuachia sodiamu na kalsiamu. Nchi ikiwa na mvua nyingi na mteremko mzuri, chumvi hiyo inasombwa. Ikiwa ni tambarare, kavu miezi mingi, na udongo ni mfinyanzi mweusi wa mbugani usiopitisha maji, inakusanyika chini.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi wa kanda yetu hawalijui. Maji ya mto Manonga, unaopokea mvua ya upande huo wa Shinyanga, hayaji Ziwa Victoria. Yanakwenda kusini na mashariki, yanaingia mbuga za Wembere, ziwa Kitangiri, mto Sibiti, yanaishia Ziwa Eyasi. Eyasi haina mlango wa kutokea. Kila kilichobebwa na maji hayo kinaishia pale, maji yanapaa na jua, chumvi inabaki.

#6 | Mzee Buswelu

Mwalimu hapo umenikumbusha mbali. Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa wanakwenda Eyasi kwa miguu kuchota chumvi. Safari ya wanaume, na ilikuwa na nyimbo zake. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alisema kiangazi kikiwa kikali ndipo chumvi inapatikana nyingi, mwaka wa mvua mnarudi na kidogo. Sikuwahi kufikiri kwamba chumvi ile ilitoka huku huku Usukumani ikatangulia na maji.

#7 | Ng'wana Magu

Shikamoo mzee Buswelu, asante sana kwa hilo. Maelezo ya babu ni sahihi kisayansi: jua linavyokuwa kali ndivyo maji yanavyopungua na chumvi kuganda. Sehemu yake imetoka Usukumani kweli, na nyingine kwenye mawe na chemchemi za kulekule kwenye Bonde la Ufa.

#8 | Fundi Pampu

Mkuu tuletee hilo bonde la Paradox. Nimewahi kusikia kuna sehemu Marekani walikuwa wanapiga maji ya chumvi chini ya ardhi kwa pampu mpaka matetemeko yakaanza. Ndiyo hapo?

#9 | Ng'wana Magu

Ndiyo penyewe, fundi.

Paradox ni bonde lililopo magharibi mwa jimbo la Colorado. Chini yake kuna tabaka nene la chumvi lenye umri wa karibu miaka milioni 300, mabaki ya bahari nyingine ya zamani zaidi kuliko ile ya Mancos. Chumvi ikilemewa na mawe mazito inatembea taratibu, inajisukuma kwenda juu. Hapo ilisukuma mawe yakainuka kama mgongo, kisha maji yakaiyeyusha kwa juu, mgongo ukadidimia, likabaki bonde. Mto Dolores, unaopeleka maji yake Colorado, unalikatiza bonde hilo kwa upana, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili.

Maji ya chini ya bonde hilo yana chumvi miligramu karibu 260,000 kwa lita. Bahari ya Hindi pale Dar es Salaam ina kama 35,000. Kwa hiyo ni kama mara saba ya bahari. Maji hayo yanajipenyeza kwenye mto kutoka chini. Mtu anayesimama kando ya Dolores haoni kitu, anaona mto mdogo umetulia, lakini kati ya kuingia bondeni na kutoka ulikuwa unaokota zaidi ya tani 180,000 za chumvi kwa mwaka.

Walichofanya ni kuchimba visima vifupi kando ya mto, wakawa wanavuta yale maji makali kabla hayajaufikia. Sasa uyapeleke wapi? Walichimba kisima kirefu, karibu kilomita 5 kwenda chini, wakayasukuma huko kwa mgandamizo mkubwa. Majaribio yalianza 1991 na kazi ya mfululizo 1996. Mto ukapata nafuu kweli, lakini mawe ya chini yalianza kuteleza. Matetemeko madogo yamehesabika kwa maelfu, mengi mtu hayahisi. Mwaka 2000 lilipiga la kipimo cha 4.3, na Machi 2019 la 4.5, wakasimamisha. Walirejea 2022 kwa kiwango cha chini.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu linaonyesha kitu kimoja waziwazi. Nchi tajiri kuliko zote, yenye wahandisi wa kila aina, ikishika chumvi mkononi bado inahangaika pa kuiweka.

#10 | Jiwe la Ghuba

Kwa heshima zote mkuu, naona unatutisha. Colorado ni jangwa. Sisi tuna ziwa la kilomita za mraba 68,000 na ushee, maji matamu, mvua misimu miwili. Chumvi itatoka wapi? Wakulima wetu wanalia njaa ya ukame huku wanatazama maji, halafu tukiletewa habari za Amerika tutaogopa hata kuchimba mfereji.

#11 | Ng'wana Magu

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na nitaijibu kwa uzito wake. Mimi nataka mifereji ichimbwe. Nimeona mahindi yanakauka kilomita chache kutoka ufukweni, na hakuna kitu kinachoniuma kama hicho.

Ila tuangalie hili ziwa lenyewe kwanza. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Na sehemu kubwa kama hiyo inapaa tena na jua. Ziwa linapoteza karibu mita moja na nusu ya kina kwa mwaka kwa mvukizo pekee. Lake Mead, lile bwawa kubwa la Colorado nyuma ya ukuta wa Hoover, linapoteza kama mita mbili. Unaona hatutofautiani sana na jangwa kwa hilo. Kwa nini basi sisi tunakunywa maji matamu? Kwanza tunarudishiwa na mvua. Pili, na hili ndilo kubwa, kuna Jinja. Maji kidogo yanayobaki yanatoka na mto Nile na yanabeba chumvi yote iliyoingia kwa Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine. Ungeziba Jinja na kusubiri muda mrefu wa kutosha, ziwa hili lingefuata njia ya Eyasi. Utamu wake unatokana na mlango.

Sasa shamba. Chukua maji ya ziwa, tuseme yana miligramu 100 kwa lita, na hiyo ni kwa kukadiria juu. Mwagilia hekta moja ya mpunga kwa kina cha mita moja kwa msimu. Hiyo ni mita za ujazo 10,000. Zidisha: umeingiza tani moja ya chumvi kwenye hekta hiyo. Mmea unakunywa maji, haunywi chumvi ila kidogo sana. Jua nalo linachukua maji matupu. Tani hiyo ipo shambani. Mwaka wa pili tani nyingine. Shamba lenye njia ya kutolea maji, mvua ya masika inasukuma chumvi chini na nje, hakuna tatizo. Shamba la mbugani lililozungushiwa tuta, halina mtaro, udongo haupitishi maji, linakuwa Eyasi ndogo.

Kwa hiyo mvua yetu ni msaada mkubwa ambao Yuma hawana. Lakini mvua inasafisha pale tu penye pa kutokea.

#12 | Jiwe la Ghuba

Hesabu nimeirudia kwa kalamu, ni kweli tani moja. Endelea mkuu, nasoma.

#13 | Mama wa Mwaloni

Mimi naliona hivi: sufuria ya makande ukiiweka motoni chumvi ikiwa sawasawa, ukaisahau mpaka supu ikapungua, inakuwa chumvi kali wala hukuongeza hata punje. Shamba linafanya hivyohivyo. Nimeelewa baba.

#14 | Nyegezi Kona

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi. Nimesoma mahali kwamba Marekani na Mexico waligombana kwa ajili ya chumvi ya mto huu. Ilikuwaje?

#15 | Ng'wana Magu

Marahaba kijana. Hiyo sehemu inatuhusu hasa sisi watu wa pamba.

Mwaka 1944 nchi hizo mbili zilisaini mkataba: Mexico ipate mita za ujazo bilioni 1.85 kwa mwaka. Mkataba ulitaja wingi wa maji, ubora haukutajwa. Bonde la Mexicali, upande wa Mexico, lilikuwa nchi ya pamba, kama huku kwetu enzi za dhahabu nyeupe. Upande wa pili, Arizona, palikuwa na eneo la umwagiliaji linaloitwa Wellton-Mohawk. Wakulima wa pale walimwagilia miaka mingi mpaka maji ya chini yakapanda na kuanza kuua mizizi, na yalikuwa yamekolea chumvi kwa sababu yalishatumika na kutumika tena. Mwaka 1961 wakaanza kuyavuta kwa pampu na kuyamwaga kwenye mto, chini ya mahali pa mwisho ambapo Wamarekani wenyewe huchota. Yalikuwa na chumvi miligramu kama 6,000 kwa lita.

Maji yaliyovuka mpaka yalipanda kutoka miligramu 800 hivi hadi wastani wa 1,500, na kuna wakati yalizidi 2,500. Wakulima wa Mexicali wakaona mashamba yao yanageuka meupe. Wakaandamana, mambo yakafika kwa marais. Ilichukua mpaka 1973 kupata makubaliano kwamba maji yanayovuka yasizidi sana chumvi ya yale yanayopimwa bwawa la Imperial. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kudhibiti chumvi bonde zima.

Na yale maji mabaya? Wakayachimbia mfereji wake wa pekee, ukakamilika 1977, unayapeleka hadi karibu na bahari ndani ya Mexico, kwenye tambarare ya Ciénega de Santa Clara. Pale pakaota matete, maelfu ya hekta, ndege wakarudi, wakiwemo walio hatarini kutoweka. Wakati huohuo walijenga kiwanda cha kuchuja chumvi pale Yuma, kikamilika 1992, ili maji hayo yasafishwe na kurudishwa mtoni. Kiwanda kimefanya kazi vipindi vifupi tu tangu hapo, kwa sababu gharama yake ni kubwa na kukiwasha kungeyaua yale matete. Mimi matete hayo nayapenda kuliko kiwanda, nasema wazi. Lakini ona mzunguko mzima ulivyo mrefu kwa jambo ambalo lingeulizwa siku ya kwanza: maji ya kutoka shambani yanakwenda wapi?

#16 | Kirumba Juu

Mkuu umetaja jua na mabwawa kwa kupita tu. Lile la mvukizo nalo si chanzo kikubwa?

#17 | Ng'wana Magu

Ni chanzo, ila cha aina nyingine, haliongezi hata gramu moja ya chumvi, linapunguza maji tu. Makadirio ya serikali yao ya mwaka 1971 yaligawa hivi: karibu nusu ya tatizo la chumvi ni asili, yaani miamba na chemchemi, umwagiliaji asilimia 37, mvukizo wa mabwawa asilimia 12, na kilichobaki ni miji na viwanda. Ongezea kwamba maji mengine yanahamishwa nje ya bonde kabisa kule juu, yakiwa bado matamu, kwa hiyo yanayobaki kupoza chumvi yamepungua. Kuchota maji matamu juu ni sawa na kuongeza chumvi kwa wa chini.

#18 | Bwana Shamba Misungwi

Naomba niongeze kidogo kwa upande wa udongo wetu, ndiyo kazi yangu.

Wasukuma wanaujua udongo wao kuliko ramani zetu. Ukitoka kwenye mawe ya juu unakutana na luseni, mchanga unaopitisha maji. Ukishuka unafika itogolo, ngumu chini. Chini zaidi kuna ibambasi, na ndipo mbuga inaanza. Ibambasi ukiulima kiangazi unagonga kama saruji, mvua ikinyesha maji yanasimama juu siku nyingi na yana rangi ya maziwa. Hiyo ni sodiamu inafanya kazi yake: inatawanya chembe za mfinyanzi mpaka vitundu vya udongo vinaziba. Majaruba mengi ya mpunga yapo hapo hapo, maana maji yanakaa. Mpunga wa mvua unafaa. Ukileta umwagiliaji wa mwaka mzima bila mtaro, ndipo hatari ilipo.

Mazao hayalingani. Kipimo cha chumvi ya udongo ni desisimensi kwa mita. Maharage yanaanza kupunguza mavuno kwenye 1 tu. Mahindi 1.7. Mpunga 3. Pamba inavumilia mpaka 7.7, kwa hiyo mkulima wa pamba anaweza kukaa miaka bila kujua shamba linaharibika, siku akipanda maharage ndiyo anagundua.

Na jasi ambayo mwenye uzi ameisema, ile inayoharibu Colorado, kwenye ibambasi ni dawa. Kalsiamu yake inaiondoa sodiamu kwenye udongo na vitundu vinafunguka. Tunayo ya kuchimba hapa nchini, Itigi na Makanya. Lakini haifanyi kazi peke yake, sodiamu iliyong'olewa lazima isukumwe nje na maji. Tunarudi kwenye mtaro uleule.

#19 | Ng'wana Magu

Bwana shamba umenimalizia kazi. Naomba wenye mashamba ya mbugani wausome ujumbe huo mara mbili.

#20 | Fundi Pampu

Wenzetu wa Colorado walichofanikiwa ni nini sasa, ukiacha kile kisima cha matetemeko?

#21 | Ng'wana Magu

Mambo ya kawaida kabisa, fundi. Walisakafia mifereji au wakaiondoa na kutandaza mabomba, maji yasipenye kwenye Mancos. Wakawasaidia wakulima kulipia vifaa vya kunyunyizia badala ya kufurika shamba zima. Wakawa wanampimia mkulima maji kulingana na mmea unavyohitaji. Fedha inatoka serikali kuu na majimbo kwa pamoja, hata majimbo ya chini yanachangia kazi inayofanyika juu, kwa sababu tani moja iliyozuiwa Grand Valley haifiki California. Hilo la wa chini kuchangia wa juu nimelipenda sana. Huku kwetu wakulima wa kando ya Simiyu wa Maswa na Meatu wako juu, sisi wa Magu tuko mdomoni, na hatujawahi kukaa meza moja.

#22 | Mama wa Mwaloni

Swali langu la mwisho baba. Huo mtaro wa kutoa maji si utamwaga tena ziwani? Sisi tunaanika dagaa na kuchota maji hapo. Na magugu maji tunayo tayari.

#23 | Ng'wana Magu

Mama, hilo ni swali zito kuliko yote humu.

Chumvi yenyewe ziwa litaimeza, ni kubwa na lina Jinja. Wasiwasi ni vinavyosafiri na maji hayo: mbolea na dawa za shambani. Mbolea ndiyo chakula cha magugu maji na cha ule ukijani unaotanda ghubani. Mtaro ukimwagwa moja kwa moja ufukweni, mkulima amepona na mvuvi ameumia. Dawa yake tunayo bure, ni mafunjo na matete ya mdomoni mwa mito. Yanachuja tope na yanakula sehemu kubwa ya mbolea. Sasa hivi watu wanayafyeka kupanda mpunga na mboga. Skimu ikichorwa, eneo la mafunjo lihesabiwe kama sehemu ya skimu, liwe na mipaka kwenye ramani, na mtaro uishie humo kabla ya ziwa.

#24 | Jiwe la Ghuba

Mkuu mimi nina hekta mbili jirani na mto, nimepanga kuweka pampu kiangazi hiki. Nipime nini kabla ya kuanza?

#25 | Bwana Shamba Misungwi

Nijibu mimi hapo. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, kila sehemu mara mbili: sentimita 20 za juu, halafu kina cha sentimita 60 hivi. Usizichanganye za juu na za chini. Peleka maabara ya udongo, waombe wakupimie chumvi na sodiamu, siyo rutuba peke yake. Maji ya mto nayo chukua chupa moja kipindi kilekile, maana ndipo yamekolea. Kisha chimba shimo la mita moja na nusu katikati ya shamba, lijaze maji, uone yanachukua muda gani kunywewa. Kesho yake yakiwa bado yamesimama, anza na mtaro, pampu ije baadaye.